Paa la Mgodi Hufungwa Kabla Halijaanza Kushuka

Mhadhara wa hadhara, Garsen, Kaunti ya Tana River



Najua wapo wanaojiuliza mtu wa migodi amefuata nini Garsen. Ardhi ya hapa ni tope la mto na mchanga. Mchimba kisima hukutana na maji kabla ya kukutana na jiwe, na kutoka Kipini hadi Hola hakuna mgodi hata mmoja wa kuingia chini ya ardhi. Lakini tuyatazame maji ya mto huu wa Tana. Kabla ya kufika kwetu yamepitia mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kituo cha umeme cha Kamburu, kilichoanza kazi 1974, na kile cha Gitaru, kilichofuata 1978, vimejengwa ndani ya mwamba. Mitambo inazunguka katika kumbi zilizochongwa kwenye jiwe, na wafanyakazi huingia na kutoka chini ya paa ambalo hakuna fundi aliyelijenga. Ni jiwe lililobaki juu baada ya jiwe la chini yake kuondolewa. Huko juu zaidi, Murang'a, kuna handaki la maji la kilomita 11.8 linalochota kutoka mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kupeleka maji kwenye bwawa la Ndakaini kwa ajili ya Nairobi. Watu wa kaunti hii wameuliza mengi kuhusu handaki hilo, na ni haki yao, kwa maana mito hiyo ndiyo inayoulisha Tana. Jioni hii, hata hivyo, nataka tuzungumze juu ya mtu anayefanya kazi ndani ya shimo la namna hiyo, na kitu kinachomzuia asiangukiwe.

Nina sababu nyingine ya kuja. Jirani zetu wa Kitui, ng'ambo ya mpaka wetu wa magharibi, wamekalia makaa ya mawe. Bonde la Mui liligawanywa vitalu vinne, na mwaka 2011 kampuni ya Fenxi ya China ilichaguliwa kuchimba vitalu C na D. Miaka imepita na mgodi haujafunguliwa. Kituo kikubwa cha umeme wa makaa kilichopangwa Lamu, mwendo wa barabara hii hii ya kwenda Witu, kilipoteza leseni yake ya mazingira Juni 2019. Maoni yangu ni kwamba makaa yale yabaki yalipo. Lakini maoni yangu hayatamzuia kijana wa Tarasaa au Ngao kupanda basi siku atakaposikia kuna kibarua, iwe ni Mui, iwe ni migodi ya dhahabu ya Migori na Marsabit, iwe ni Kiwira, kusini-magharibi mwa Tanzania, ambako Wachina walisaidia kujenga mgodi wa makaa wa chini ya ardhi ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Kijana huyo nataka aende akijua kitu kimoja kwa undani: jinsi paa la mgodi linavyofungwa kwa bolti na gundi ya resini.

Tuanze na makaa yenyewe yanavyolala. Makaa ya mawe ni tabaka, na juu yake huwa kuna matabaka mengine ya mawe ya udongo na ya mchanga, membamba, yaliyolaliana bila kushikana vizuri. Mchimbaji anapoondoa makaa, matabaka ya juu hupoteza kilichokuwa kikiyabeba. La chini kabisa hupinda kidogo na kuachana na lililo juu yake. Kisha la pili hufuata. Jicho halioni chochote. Mwachano wa milimita chache, mita moja ndani ya jiwe, ndio mwanzo wa maafa ambayo yatatokea baada ya saa tatu au baada ya wiki tatu.

Zamani dawa ilikuwa miti. Wachimbaji wadogo wa Tanzania wanaiita matimba, na hadi leo ndiyo inayoshikilia mengi ya maduara yao, yaani mashimo yao ya kuchimbia. Sisi watu wa pwani tunaijua hesabu ya miti kuliko wengi: vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, na mwenye nyumba aliyetaka chumba kipana alilazimika kuongeza nguzo katikati. Mgodi wa miti nao ulikuwa hivyo, nguzo kila hatua, nafasi finyu, mashine haipiti. Tena nguzo ina kasoro ya asili. Inalingoja paa lishuke ndipo ianze kubeba. Mpaka mti ulie, mwamba umekwisha kuachana.

Bolti inafanya kazi kwa namna tofauti kabisa. Haisimami chini ya paa, inaingia ndani yake. Ichukulieni kama nondo ile ile yenye mistari ambayo mafundi wetu wanaitia kwenye zege, yenye unene wa milimita 20 au 22 na urefu wa mita 1.8 hivi, imeingizwa wima kwenye tundu na kugandishwa kwa gundi kutoka mwisho wa juu hadi karibu na mdomo. Matabaka manne yaliyokuwa yamelaliana tu sasa yamefungwa kuwa kitu kimoja. Na hapa hesabu inashangaza. Matabaka manne yenye unene sawa, yakishikana barabara, hayapati ugumu mara nne dhidi ya kupinda. Yanapata mara kumi na sita. Mwamba wenyewe unageuzwa kuwa boriti inayojibeba. Ndiyo maana wahandisi wanasisitiza bolti iingizwe mara tu baada ya makaa kukatwa, maana paa ambalo limeshaachana haliwezi kurudishwa lilivyokuwa.

Na mzigo wa kila bolti ni kiasi gani? Tuchukue bolti zilizopangwa kwa umbali wa mita 1.2 kila upande, na tuseme mwamba ulioregea una unene wa mita 1.5. Kila bolti inabeba zaidi ya mita mbili za ujazo za jiwe, yaani tani tano na kidogo. Nondo nzuri ya milimita 20 inaweza kuvutwa kwa nguvu ya takriban tani 16 kabla haijaanza kurefuka. Kwa hiyo chuma kina akiba ya kutosha. Mara nyingi kinachoshindwa ni mshiko kati ya chuma na mwamba, na mshiko huo uko mikononi mwa watu wawili wanaofanya kazi kwenye giza, kelele na vumbi, huku msimamizi akiwahimiza wamalize.

Naomba mnivumilie nieleze kazi yao hatua kwa hatua.

Kwanza wanaligonga paa kwa mtaimbo. Mwamba mzima hulia kwa sauti kali. Mwamba ulioachana hutoa sauti nzito ya uwazi, na mchimbaji mzoefu huweka kiganja cha mkono mwingine juu ya jiwe ili auhisi mtetemo ambao sikio limeukosa. Kilicholegea kinaangushwa, na wao wakiwa wamesimama chini ya sehemu iliyokwisha kufungwa. Kisha wanasimamisha jeki za muda, au mashine inanyanyua mikono yake ya chuma kulishikilia paa wakati wanatoboa. Sheria ya kwanza ya kazi hii, ambayo hata mchimbaji asiyejua kusoma anaijua, ni kwamba hakuna mtu anayekanyaga mbele ya mstari wa mwisho wa bolti. Hata kuokota nyundo iliyoanguka. Hata kwa hatua moja.

Halafu wanatoboa. Keekee lazima iwe ya kipimo kilichoandikwa. Kwa nondo ya milimita 22, tundu la milimita 28 linafaa, na pengo linalobaki kuzunguka nondo ni milimita tatu tu. Sasa tuseme keekee za 28 zimekwisha stoo na mtu akatumia ya 35. Tofauti ni milimita saba, mtu anaweza kuiona ni ndogo. Lakini nafasi ya kujazwa imekuwa karibu mara mbili na nusu. Gundi ile ile iliyokuwa ijaze mita 1.8 sasa itajaza sentimita 73 hivi, na sehemu yote iliyobaki ni chuma kinachoning'inia katika hewa. Ukisimama chini yake, bolti hiyo inafanana kabisa na jirani yake.

Kina cha tundu nacho kina hatari yake. Likiwa fupi mno, nondo itabaki nje na bamba halitalifikia paa. Likiwa refu mno, gundi itakusanyika huko juu kabisa ambako nondo haifiki.

Gundi huja ndani ya vifuko virefu vya plastiki laini vilivyojaa pande mbili zisizokutana. Upande mmoja ni resini ya poliesta iliyochanganywa na unga wa chokaa, upande wa pili ni kichocheo chake. Vifuko vinasukumwa ndani ya tundu, vile vinavyoganda haraka vikitangulia juu na vya kuganda polepole vikifuata. Kisha nondo inasukumwa na mashine huku ikizunguka. Inapasua plastiki, inachanganya pande mbili, na inapofika mwisho wa tundu inaendelea kuzungushwa kwa sekunde chache tu, kwa kadiri kiwanda kilivyoandika kwenye boksi. Halafu mashine inasimama na kuishikilia nondo bila kuizungusha. Gundi inaganda. Baada ya hapo nati inakazwa, na bamba la chuma linalibana paa kutoka chini.

Sekunde hizo ndizo ninazotaka mzikumbuke. Ukizungusha pungufu, pande mbili hazijachanganyika, na gundi itabaki kama uji kwa mwaka mzima. Ukizungusha kupita kiasi, gundi ambayo imeanza kushika unaivunja, na ikivunjika haiungi tena. Kuna kosa la tatu ambalo halionekani kabisa: plastiki ya kifuko badala ya kupasuka vipande hujiviringisha kwenye nondo na kuivika, na chuma kinabaki kimetenganishwa na gundi kwa utando mwembamba. Joto nalo linaingia. Ghala la bati katika mchana wa huku kwetu, wenye nyuzi 30 na zaidi, ni jiko. Gundi iliyopikwa humo hupungukiwa na umri wake, na hubadilisha muda wake wa kuganda. Tarehe kwenye boksi inahesabiwa kwa ghala lenye ubaridi na kivuli. Kwa hiyo mtunza stoo ni mtu wa usalama sawa na anayeshika mashine, ingawa mshahara wake haumwambii hivyo.

Basi mtu ataniuliza: si kuna jaribio? Lipo. Bolti hukamatwa na jeki ya mafuta ikavutwa, na kipimo kikasomwa. Lakini jaribio hilo linaweza kudanganya. Sentimita 30 za gundi nzuri karibu na mdomo wa tundu zinatosha kuipitisha bolti, hata kama mita nzima ya juu, mahali penye mwachano, haikushika kitu. Ndiyo sababu wataalamu wa kweli hufanya jaribio maalumu kwa kugandisha kipande kifupi tu cha juu na kukivuta. Mkionyeshwa ripoti yenye majaribio yote yamefaulu, ulizeni yalifanywaje.

Sasa niwapeleke Marekani kidogo, kwa sababu huko kuna funzo walilolinunua kwa damu. Idara ya Migodi ya nchi hiyo ilianza kuzihimiza bolti katika migodi ya makaa mwishoni mwa miaka ya 1940. Wakati huo kuanguka kwa paa kuliua mamia ya wachimbaji kila mwaka. Bolti zilienea kwa kasi ambayo teknolojia chache za migodini zimewahi kuenea, kwa maana zilifungua nafasi, na nafasi iliruhusu mashine kubwa. Kila mtu alitegemea vifo vishuke. Mtafiti wa miamba Christopher Mark alipozichambua hesabu za miaka ile ya 1948 hadi 1960, alikuta jambo la kuumiza: tija ilipanda, lakini kiwango cha watu kufa kwa kuangukiwa na paa hakikushuka kama ilivyoahidiwa. Bolti ziliwekwa chache, fupi, mbali mbali, kwa kiasi cha kuiruhusu kazi iendelee. Faida yote ya usalama ililiwa na tani za makaa.

Kilichobadilisha mambo ni sheria. Novemba 1968 mgodi wa Farmington, West Virginia, ulilipuka na kuua watu 78, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria kali ya afya na usalama wa migodi ya makaa. Kila mgodi ukatakiwa kuwa na mpango wa kulifunga paa uliokubaliwa na serikali, na wakaguzi wakapewa meno. Bolti za resini zikaenea miaka ya 1970, zikashika vizuri zaidi kuliko zile za mwanzo zilizokuwa zimeng'ang'ania kwa ncha tu. Vifo vikaanza kushuka kweli, muongo baada ya muongo, na mwaka 2016 hakuna mchimbaji wa makaa hata mmoja aliyeuawa na kuanguka kwa paa nchini humo. Hapo ndipo ninaposimama mimi. Bolti ilikuwapo kwa miaka ishirini bila kuwaokoa wachimbaji kama ilivyoweza, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha mwenye mgodi aiweke kwa idadi inayotakiwa.

Tena hata penye sheria, mtu asilale. Agosti 1993, Bilsthorpe, Uingereza, paa la njia iliyofungwa kwa bolti liliporomoka na wanaume watatu wakafa. Waingereza walitoka pale wakiwa wameongeza masharti ya kulitazama paa. Walitumia kifaa rahisi sana: waya unaoshikizwa mita kadhaa juu ndani ya mwamba, ukining'iniza kipande chenye rangi. Paa likishuka, rangi zinazoonekana zinabadilika, kijani, njano, nyekundu. Mchimbaji yeyote akipita anasoma. Habari ya mwamba haibaki kwenye kompyuta ya ofisi, iko mbele ya macho ya mwenye shingo iliyo hatarini.

Nirudi nyumbani. Mei 2024, huko Hillo, Marsabit, machimbo ya dhahabu yaliporomoka na kuua watu wasiopungua watano. Desemba 2021 Abimbo, Siaya, wachimbaji walifukiwa. Mwaka 2015, Nyangarata, wilayani Kahama, wanaume waliofukiwa walikaa chini siku 41, na watano wakatolewa wakiwa hai. Tuliwashangilia, na tulikuwa na haki. Sitaki, hata hivyo, mtu atoke hapa akidhani bolti za resini ndizo dawa ya mashimo hayo. Maduara mengi yanapita kwenye udongo na mwamba uliooza, na gundi haina pa kushika kwenye udongo. Penye kuta za udongo dawa ni kupunguza mwinuko wa kuta za shimo, kulizungushia mbao imara, kutochimba chini ya shimo la mwenzako, na kutoka mvua inaponyesha. Atakayewauzia bolti kwa shimo la namna hiyo anawauzia chuma tu.

Lakini kuna kitu ambacho mchimbaji mdogo na mwajiriwa wa mgodi mkubwa wanaweza kudai kwa pamoja, na sheria yetu imekiandika. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa anayoiona, na inamkataza mwajiri kumrudisha mahali pale kabla hatari haijaondolewa. Ina maana kijana wa Garsen aliyeajiriwa jana, akiona rangi nyekundu kwenye waya, ana sheria nyuma yake anapokataa kuingia. Najua ugumu wa kusema hapana ukiwa kibarua wa siku. Ndiyo maana naona maneno hayo ya sheria yafundishwe kwenye vyuo vyetu vya ufundi hapa kaunti, somo moja na kuchomelea na umeme wa nyumba, ili kijana ayasikie kwanza nyumbani kwa lugha yake kabla ya kuyahitaji akiwa mgeni mahali pa watu.

Na akifika huko, siku ya kwanza, aombe kuona vitu vinne. Mpango wa kulifunga paa, wenye umbali kati ya bolti na urefu wake. Boksi la gundi, asome tarehe na sekunde za kuzungusha. Keekee inayotumika, apime. Na mahali mstari wa mwisho wa bolti unapoishia. Wakimwonyesha bila kusitasita, afanye kazi. Wakimcheka, arudi kwenye basi, na Idara ya Usalama na Afya Kazini ipelekewe jina la mahali hapo.

Mheshimiwa mwenyekiti, naona mikono imeshaanza kuinuka huko nyuma. Nipo tayari kwa maswali. Ningependa kuanza na wale waliowahi kuingia shimoni, Migori au kwingineko, watuambie walichokiona juu ya vichwa vyao.